Sura ya Sita: Sauti Isiyopasuka

Chukua rekodi yoyote ya Les Wanyika au ya Mlimani Park, usikilize magitaa peke yake. Kuna solo, kuna ridhimu, na mara nyingi kuna gitaa la tatu katikati yao linalojibu na kuchokoza. Kila moja limeshika njia yake na hakuna linalomeza jingine. Ufundi huo ni wa vidole, hilo halina ubishi. Lakini vidole hivyo vingehangaika bure kama amplifaya zingekuwa zinakwaruza.

Sababu yake inaelezeka. Amplifaya inapozidiwa haiongezi ukali tu. Ukiipa noti mbili kwa pamoja, inatengeneza na nyingine ambazo hukuzipiga: moja inatokana na jumla ya mitetemo ya zile mbili, nyingine inatokana na tofauti yake, kisha zinafuata nyingine na nyingine. Mpiga roki akibonyeza do na so, noti hizo za ziada zinaangukia mahali pazuri na kuongeza uzito, ndiyo maana roki nzito imejengwa juu ya do na so. Mpiga solo wa dansi anatembeza do na mi, kisha re na fa, kisha mi na so, akipanda na kushuka shingo ya gitaa. Sasa gitaa, kwa jinsi vipande vyake vya chuma vilivyopangwa, halitoi mi iliyonyooka kabisa. Iko juu kidogo ya pale ambapo sikio lingeipenda. Sauti ikiwa safi hakuna anayelalamika. Ikianza kupasuka, noti za ziada zinagongana na utamu wote unageuka mngurumo. Kwa mpigaji wa muziki wetu, basi, usafi si mapambo. Ukikosekana, gitaa la pili na la tatu hayana kazi jukwaani.

Ukiuliza dukani amplifaya ya valvu ya bei nafuu, utaonyeshwa ya wati 5, au ya wati 15 ukionekana una fedha kidogo zaidi. Muuzaji atakuapia kwamba wati 15 za valvu zinatosha ukumbi. Hadanganyi, ila anamfikiria mteja mwingine. Amplifaya ndogo za siku hizi zimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayetaka ule mkwaruzo wa roki na bluzi chumbani kwake bila kugombana na majirani. Kwake, kupasuka mapema ndiyo sifa. Wewe unatafuta kinyume chake, na ushauri mwingi unaosambaa kuhusu "valvu nafuu" haukuhusu.

Nitasema mapema ninachoamini, ili usome kurasa zinazobaki ukijua ninakokupeleka. Katika amplifaya za valvu kinachogharimu ni usafi; kupasuka kunakuja bure. Mwenye fedha kidogo aziweke kwenye vitu viwili, nguvu ya akiba na spika nzuri, na vingine vyote avinyime.

Ajabu ni kwamba waliobuni vyombo hivi hawakutaka vipasuke hata kidogo. Leo Fender alikuwa fundi redio wa Fullerton, California, na wateja wake wa mwanzo walikuwa wapigaji wa country na wa gitaa la Kihawaii, watu waliotaka kila noti isikike juu ya kelele za ukumbi wa dansi. Kwao mkwaruzo ulikuwa ubovu wa chombo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akatokea Dick Dale, kijana aliyepiga gitaa kwa nguvu kiasi cha kuunguza amplifaya na spika alizopewa, moja baada ya nyingine. Jibu la Fender lilikuwa Showman, yenye transfoma kubwa kuliko zilizotangulia na spika ya inchi 15. Uingereza mambo yalikwenda vivyo hivyo. Kampuni ya Vox ilikuwa na AC15 nzuri sana, lakini mashabiki wa bendi ya The Shadows walikuwa wanapiga kelele kuliko wati zake. Mbunifu wake, Dick Denney, akaiongeza maradufu, ikazaliwa AC30. Mwaka 1963 Fender wakatoa Twin Reverb: valvu nne za 6L6, spika mbili za inchi 12, wati 85. Mpaka leo mtu akisema "sauti safi ya valvu" ndiyo anayoifikiria. Ina uzito wa kilo 29 hivi, jambo ambalo hutalijua vizuri mpaka uipakie kwenye daladala saa kumi na mbili jioni.

Miaka ile yote, basi, wahandisi walikuwa wanaukimbia mkwaruzo kwa kuongeza wati. Waliokuja kuupenda ni wapigaji, baadaye, na soko likawafuata.

Wati zenyewe tuzielewe vizuri, maana huku kwetu neno hilo limeharibiwa na maboksi ya sabufa. Boksi linaandikwa wati elfu kadhaa za PMPO, ndani kuna spika ambayo ingeungua ukiipa wati 50 za kweli. Watengenezaji wa amplifaya za gitaa za valvu kwa kawaida huhesabu wati pale sauti inapoanza kupasuka, na ikisukumwa zaidi ya hapo bado inatoa nguvu, ila chafu. Ndiyo chanzo cha usemi wa wapigaji kwamba wati za valvu ni kubwa kuliko wati za transista. Wati ni wati. Tofauti ni kwamba valvu ikizidiwa inazidiwa kwa upole, mpigaji anavumilia, naye anahesabu hata zile wati chafu. Anayetaka sauti safi hana ruhusa ya kuzihesabu.

Halafu kuna tabia ya gitaa lenyewe. Uzi unapopigwa, mshindo wa kwanza una nguvu mara nyingi kuliko mlio unaofuata. Amplifaya inayocheza kwa wastani wa wati 3 inaweza kutakiwa kutoa 30 kwa kitambo kifupi sana, kisha kurudi. Isipokuwa nazo, mshindo ule unakatwa kichwa, na kila noti inaanza na mkwaruzo hata kama inaisha safi. Lori la tani kumi likibeba tani tatu linapanda mlima Kitonga bila kulalamika. La tani tatu lenye mzigo uleule litafika juu, ila abiria wote watajua.

Nguvu hizo zinatoka kwenye valvu kubwa za mwisho, na namba zake zinafaa kukaririwa. Jozi ya 6V6 inatoa wati 12 mpaka 22 hivi. Jozi ya EL84 inatoa kama 15 mpaka 18. Jozi ya 6L6 inatoa 40 mpaka 50, na nne zinafika 85 au 100. Valvu ndogo zilizo mbele, nyingi zikiwa ni 12AX7, ambazo Ulaya huitwa ECC83, kazi yake ni kukuza mawimbi dhaifu ya gitaa kabla hayajafika kule nyuma.

Hapa hesabu inaleta habari mbaya kisha nzuri. Ukipanda kutoka wati 20 mpaka 40, sauti inaongezeka kwa desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa maradufu, unahitaji wati mara kumi. Kwa hiyo kulipia wati peke yake ni njia ghali. Habari nzuri iko kwenye spika. Spika za gitaa hutofautiana katika kugeuza umeme kuwa sauti: moja inatoa desibeli 97 kwa wati moja ukiipima umbali wa mita moja, nyingine inatoa 100. Tofauti hiyo ya 3 ni sawa kabisa na kuongeza wati mara mbili. Amplifaya ya wati 22 yenye spika ya desibeli 100 inasikika sawa na ya wati 44 yenye spika ya 97, na haijapasuka mapema hata chembe. Celestion na Eminence huandika namba hiyo kwenye maelezo ya kila spika wanayouza. Watu wanatumia miezi wakibishana juu ya valvu gani ni tamu, wasiitazame namba hiyo hata mara moja.

Tuje kwenye majina.

Kwa nyumbani, studio, au kanisa lenye mpiga ngoma mstaarabu, familia ya 6V6 ndiyo tamu kuliko zote. Princeton Reverb ya wati 12, Deluxe Reverb ya wati 22. Zote ni michoro ya miaka ya 1960 na zote zina mwangwi ule wa springi unaofanya noti moja isikike kama imepigwa ndani ya msikiti mtupu. Kwa bahati mbaya si nafuu tena. Deluxe Reverb mpya inazidi dola 1,000 huko Marekani kabla hujalipia usafiri na ushuru, na Princeton inaikaribia bei hiyohiyo kwa wati pungufu.

Ndogo zinazouzwa sana kwa bei ya chini zaidi ni Fender Blues Junior na Vox AC15 za siku hizi. Zote ni jozi ya EL84, wati 15. Ni vyombo vizuri. Lakini AC15 imerithi kutoka kwa babu zake saketi isiyorudisha sehemu ya sauti ya mwisho nyuma kujisahihisha, mbinu ambayo Fender waliitumia kunyoosha sauti zao. Matokeo yake Vox inang'aa na kulainika mapema. Utamu wake wenyewe ni wa kuanza kupasuka. Kwa bluzi, nunua ukiwa umefumba macho. Kwa ridhimu ya dansi mbele ya tumba na tarumbeta, hapana. Peavey Classic 30, yenye EL84 nne na wati 30, inasogea karibu zaidi na tunachotaka, na ni ngumu kama vyombo vingi vya kampuni ile ya Mississippi.

Chaguo langu, na najua wapo watakaonuna, ni Fender Hot Rod Deluxe iliyotumika. Imetengenezwa tangu 1996: jozi ya 6L6, wati 40, spika moja ya inchi 12, uzito wa kilo 20 hivi. Ni miongoni mwa amplifaya za valvu zilizouzwa sana duniani, kwa hiyo za mtumba zipo nyingi, na wingi unashusha bei. Kinachoishusha zaidi ni sifa mbaya. Njia yake ya pili, ile ya kukwaruza, wengi hawaipendi, na wapenzi wa roki huiuza baada ya mwaka mmoja. Wewe huihitaji hiyo njia. Kinachobaki ukiiacha ni njia safi iliyonyooka, yenye akiba ya kumkabili mpiga ngoma yeyote, kwa fedha ambayo pengine isingekupa Princeton.

Ina matatizo yake, nayo yanajulikana. Nobu ya sauti inaruka: kwenye 1 hakuna kitu, kwenye 2 jirani amekwisha kuamka. Dawa yake ni ya bei ndogo. Toa 12AX7 ya kwanza, weka 5751 au 12AY7. Zinaingia kwenye soketi ileile bila kubadili chochote. Nguvu ya kukuza ya 12AX7 huhesabiwa kuwa 100, ya 5751 ni 70, ya 12AY7 ni kama 45. Nobu inapata nafasi ya kuzunguka na sauti haifiki haraka pale inapochafuka. Tatizo la pili liko ndani: kuna rezista mbili zinazopata moto sana, na kwa miaka lehemu zake hupasuka, amplifaya ikaanza kukatakata sauti. Fundi redio mzuri anazilehemu upya kwa muda mfupi. Muuzaji akikuambia "inakatika kidogo ikipata joto", usikimbie, punguza bei.

Wenye subira watafute wazee. Twin Reverb za miaka ya 1970, zile zenye uso wa rangi ya fedha, zilidharauliwa na wapiga roki kwa miaka mingi kwa sababu zilikataa kupasuka. Bado bei yake iko chini ya zile za uso mweusi za kabla yake. Music Man, kampuni ambayo Leo Fender aliihamia baada ya kuuza ya kwanza kwa CBS mwaka 1965, ilitoa amplifaya zenye transista mbele na valvu nyuma, za wati 65 na zaidi. Wakusanyaji wa vitu vya kale hawazitaki, na sauti yake safi ni ya kushangaza. Traynor za Kanada nazo hazitakiwi na wakusanyaji hivyohivyo. Vyombo hivi vilitengenezwa viburutwe barabarani, na fundi mwenye akili akivifungua anaweza kuona kila kitu kilipo, tofauti na saketi za leo zilizobanana kwenye ubao mmoja.

Lakini chombo cha Marekani kina jambo moja la kuangaliwa kabla hata ya sauti yake. Umeme wao ni volti 120 na mizunguko 60. Wetu Tanzania ni volti 230, Kenya 240, na mizunguko 50. Ukiichomeka moja kwa moja umeiua. Utahitaji transfoma ya kushusha, na isiwe ile ya kuchajia simu: chukua yenye uwezo mara mbili ya matumizi yaliyoandikwa nyuma ya amplifaya. Hata hapo, transfoma iliyopimwa kwa mizunguko 60 tu itapata joto zaidi kwenye 50. Ndiyo maana mimi hupendelea chombo kilichouzwa Uingereza au Ulaya. Volti zinalingana, na cha Uingereza hata plagi yake ya pini tatu za mraba inaingia ukutani kwetu bila adapta. Soma kibandiko cha nyuma, usisome tangazo.

Umeme mdogo nao ni adui wa usafi. Volti zikishuka ukutani, zinashuka pia ndani ya chombo, na amplifaya ya wati 40 inageuka ya 30 bila kukuarifu. Mpigaji anailaumu spika, anailaumu valvu, kumbe ni saa mbili usiku na mtaa mzima umewasha pasi. Stabilaiza nzuri ni sehemu ya bei ya amplifaya. Iweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

Weka na valvu za akiba. Zinatengenezwa na viwanda vichache sana duniani: JJ kule Slovakia, kiwanda cha Saratov nchini Urusi, na China. Machi 2022 Urusi ilipozuia baadhi ya bidhaa zake kupelekwa nje ya nchi, wauzaji wa valvu walitikisika kwa wiki kadhaa na bei zikapanda. Zile ndogo za mbele hudumu miaka. Kubwa za mwisho huchoka kwa kazi, hubadilishwa kwa jozi zilizolingana, na kwenye Hot Rod Deluxe fundi lazima apime na kurekebisha mkondo wake baada ya kubadilisha. Asifanye hivyo mtu asiyejua. Ndani kuna volti zaidi ya 400, na kapasita zake zinaweza kukaa na umeme huo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Na kamwe usiwashe amplifaya ya valvu huku spika imechomolewa. Unaweza kuunguza transfoma ya mwisho, ambayo ni kati ya vipuri ghali kuliko vyote.

Kabla hujalaumu chombo chochote, angalia gitaa. Pikapu zenye koili mbili husukuma zaidi, na zikikaribiana mno na nyuzi zinaichafua sauti kabla haijafika popote. Chukua bisibisi, zishushe. Punguza kidogo nobu ya sauti kwenye gitaa lenyewe. Kupunguza besi kwenye amplifaya kunasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu noti nzito ndizo zinazokula wati, na kazi hiyo ina mwenyewe kwenye bendi.

Jambo la mwisho wapenzi wa valvu hawataki kulisikia. Kama fedha uliyo nayo inatosha valvu ndogo tu, na unapiga kwenye bendi, nunua transista. Roland JC-120 ilitoka 1975, ina wati 120 zilizogawanywa kwenye spika mbili za inchi 12, na usafi wake umekuwa kipimo kwa karibu nusu karne. Haina ule ulaini wa valvu, lakini haina valvu za kubadilisha, haina haja ya kupimwa mkondo, na umeme ukipungua haipotezi tabia yake haraka. Ndugu zake wadogo wa wati 40 wapo. Valvu ya wati 15 inayokoroma mbele ya tumba haitakufariji kwa sababu eti ni valvu.

Ukienda kununua, nenda na gitaa lako, si la muuzaji. Ukiweza, nenda na mpiga ngoma. Piga do na mi kwenye nyuzi mbili nyembamba, tembea nazo shingo nzima, ukiongeza sauti taratibu mpaka umfikie mwenzako. Ikipasuka kabla ya hapo, irudishe kwa mwenyewe, hata akikukatia bei nusu.